Usiku wa Mbalamwezi

Ni chumba cha gemu mjini Ujiji, jirani na soko. Saa nane za usiku. Kijana mwenye chumba amepitiwa na usingizi kwenye mkeka, kompyuta ameiacha ikiwaka. Ndani ya kasha la kompyuta mnasikika mluzi wa feni. Juu ya rafu iko karabai kuukuu ya wavuvi wa dagaa, iliyostaafishwa na taa za betri. Ukutani kuna mjusi, na mezani Skrini imekaa kimya.

KADI YA PICHA: Shikamoo, babu.

KARABAI: Marahaba, mjukuu wangu. Mbona unahema kama mtu aliyepandisha mlima na dumu la mawese kichwani?

KADI: Nimeovaklokiwa, babu. Kiwandani nilitoka na kasi ya megahezi 1,340. Leo jioni bwana mdogo kanipandisha hadi 1,470 kwa mkupuo mmoja. Volti kaongeza, kikomo cha nguvu kakifungua. Alitazama video nusu, akavuta vitufe vyote kulia, akasema Bismillahi.

MJUSI: Bismillahi niliisikia. Hesabu ndiyo sikuisikia.

PAWA SAPLAI: Hesabu utaisikia kwangu, jirani, maana ninayelipa ni mimi. Umeme unaoliwa hupanda sambamba na kasi, lakini kwa upande wa volti hupanda kwa kipeo cha pili. Chukua kasi, ongeza asilimia 10. Chukua volti, ongeza asilimia 10. Sasa zidisha: 1.1 mara 1.1 mara 1.1. Unapata 1.33. Mwendo umeongezeka kwa sehemu moja ya kumi, moto umeongezeka kwa theluthi nzima!

KARABAI: Theluthi ya nini? Taja kwa wati, mimi ni mtu wa mafuta ya taa.

PAWA SAPLAI: Kadi huyu ni RX 580. Amezaliwa kula wati 185. Ukimwongezea theluthi anafika kama 246. Waya wangu wa pini 8 umekadiriwa kubeba wati 150, na tundu lake kwenye madabodi wati 75. Jumla 225. Hizo 21 zilizobaki zipite wapi, dirishani?

KADI: Mjomba Saplai una woga. Mimi si kadi wa jana. Nimechimba Ethereum usiku na mchana, mpaka tarehe 15 Septemba 2022 mtandao ule ulipobadili utaratibu, na sisi kadi dunia nzima tukaachishwa kazi siku moja. Nikauzwa kwa fungu kama dagaa. Nikapita Dubai, nikapita Kariakoo, nikapanda treni ya Reli ya Kati zaidi ya kilomita 1,200 mpaka Kigoma. Kazi ngumu naijua.

KARABAI: Kuijua kazi ngumu ni jambo moja, mjukuu. Kubaki na nguvu za kuifanya ni jambo jingine. Hebu niambie, kuna aliyekufungua tangu utoke machimboni?

KADI: Kunifungua kufanya nini?

MJUSI: Nijibu mimi, maana nalala nyuma ya kasha hilo kwa sababu ya joto lake. Hajafunguliwa. Mle ndani kuna vumbi jekundu la barabara, kuna vipande vya mbawa za kumbikumbi, na kuna mkia wangu wa kwanza. Feni iliuchukua mwaka jana, sijawahi kurudishiwa.

KARABAI: Basi sikilizeni. Mnaijua Liemba? Meli ile iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande, ikaletwa Kigoma katika masanduku 5,000. Vita vikawageukia Wajerumani. Julai 1916 wakaizamisha wenyewe. Lakini kabla ya kuizamisha, mafundi wao waliipaka mitambo grisi nzito. Waingereza walipokuja kuiinua mwaka 1924, mitambo ikakutwa ingali hai. Mwaka 1927 ikarudi ziwani. Miaka kadhaa chini ya maji, ikaokolewa na grisi! Sasa wewe, pesti yako iliyo kati ya chipu na bamba la kupoozea ikoje?

KADI: (Kwa sauti ndogo.) Imekauka, babu. Imekuwa kama chokaa.

KARABAI: Na joto lako sasa hivi?

KADI: Nyuzi 88.

PAWA SAPLAI: Akikaribia 90 anaanza kujipunguzia kasi mwenyewe asiungue. Yaani bwana mdogo anamsukuma kwa mkono wa kulia, joto linamvuta kwa mkono wa kushoto, na mimi katikati nalipia ugomvi.

MJUSI: Kumbe ndiyo maana jioni vilitokea vidoti vya zambarau juu ya bahari kwenye GTA! Bwana mdogo alimwambia mteja ni mvua.

PAWA SAPLAI: Mvua gani ya zambarau? Ile ni Kadi anakosea hesabu kwa kulewa kasi. Vidoti, miraba ya rangi, picha kukwama, kompyuta kujizima: ukiona kimojawapo, umeshavuka mpaka.

KADI: Kwa hiyo mnataka nikae hivi hivi mpaka nizeeke?

KARABAI: Hapana. Hata sisi tulikuwa tukiongezwa. Kwani karabai inawakaje? Unapampu, hewa inayasukuma mafuta, mafuta yanageuka mvuke, kile kifuko cheupe kinang'aa. Mvuvi aliyefundwa hupampu kidogo, akasubiri, akatazama mwanga. Akiona umetulia, huongeza tena kidogo. Mwenye pupa hupampu huku anaimba, kifuko kikapasuka, akabaki gizani na wavu mkononi na aibu ya kuwaeleza wenzake. Saplai, mfasirie kwa lugha ya kikadi.

PAWA SAPLAI: Kwanza ni usafi: futa vumbi, badilisha pesti, hakikisha feni zote zinazunguka. Pili, pima kabla hujagusa kitu. Cheza nusu saa, andika joto na idadi ya picha kwa sekunde, maana asiyejua alikotoka hawezi kusema amefika. Tatu, volti ziache. Panda megahezi 20 au 25 tu, cheza tena, tazama. Ukiwa salama, panda nyingine 20. Siku ukiona kidoti kimoja, shuka hatua mbili, ujenge hapo. Ukimaliza chipu, rudia vivyo hivyo kwa memori. Usichanganye vyote viwili kwa pamoja, hutajua aliyekosea ni nani. Na usiiamuru kompyuta ikumbuke kasi mpya kila inapowaka mpaka uwe umeipima siku kadhaa, la sivyo utawasha asubuhi ukutane na kiza.

MJUSI: Na umeme huu wa kupungua na kurudi kwa kishindo?

PAWA SAPLAI: Hapo ndipo penye hekima nyingine. Kadi wengi hutoka kiwandani wamepewa volti zenye akiba, ili hata aliye dhaifu kuliko wote asiyumbe. Ukizipunguza kidogo kidogo, kasi ikabaki ile ile, Kadi anapoa, feni inatulia, na mimi napata nafasi ya kuvumilia umeme ukiyumba. Kijana anaweza kupata afueni kubwa kwa kushusha kuliko kwa kupandisha. Ila kushusha hakuna sifa, hakuna wa kusimulia wenzake kijiweni.

KADI: Semeni mtakavyo. Jana nilitoa picha 92 kwa sekunde, leo 96. Nne zaidi! Hizo mtazikana?

(Kimya. Kisha, kwa mara ya kwanza usiku huo, Skrini inakohoa.)

SKRINI: Samahani, kaka Kadi. Mimi ni hezi 60.

KADI: Maana yake?

SKRINI: Maana yake nabadilisha picha mara 60 kila sekunde, basi. Ukinipa 92, naonyesha 60. Ukinipa 96, naonyesha 60. Hizo nne zako sijawahi kuzionyesha kwa mtu.

KADI: Lakini mkono unahisi wepesi! Panya anaitika upesi!

SKRINI: Kutoka 92 hadi 96 umepunguza muda wa picha moja kwa nusu ya sehemu moja ya elfu ya sekunde. Na hata hiyo haijatimia. Mteja aliyekuwa na ugali mkononi hakuihisi.

PAWA SAPLAI: Wati 60 za ziada, saa 10 kwa siku, siku 30. Hizo ni uniti 18 za LUKU kila mwezi, zinaliwa na picha ambazo hakuna jicho lililoziona.

KADI: Dada Skrini, miezi yote hii ulikuwa kimya tu?

SKRINI: Hakuna aliyeniuliza. Kila mtu alikuwa anatazama namba zako pembeni ya kioo changu.

KARABAI: (Anacheka mpaka vumbi linadondoka kwenye rafu.) Mjukuu wangu, umenikumbusha vijana wageni wa ziwa. Dagaa huvutwa na mwanga wakati wa giza. Mwezi ukiwa mpevu, ziwa zima linang'aa, dagaa wametawanyika, na wavuvi wenye akili wako nchi kavu wanashona nyavu. Vijana wale waliingia ziwani vivyo hivyo. Wakapampu. Walipokosa, wakapampu zaidi. Karabai ilivuma kama nyuki, mafuta yakaisha, wakarudi na mtumbwi mtupu wakilaumu taa. Taa haikuwa na kosa. Kabla hujapampu, inua kichwa utazame mwezi. Na wewe bwana mdogo, ukiamka, kabla hujagusa kasi ya Kadi, soma maandishi madogo nyuma ya Skrini.