Kwa Heshima ya Muunganisho Usioshika

Katika mambo yote yanayomkondesha fundi wa kompyuta, hakuna lililonyimwa haki yake kama muunganisho usioshika kati ya kitatuzi na kerneli, yaani kiini cha mfumo endeshi, ya mashine pepe. Fundi ana kompyuta moja. Ndani yake amefuga mashine pepe, na ndani ya mashine hiyo mna draiva inayoiangusha Windows nzima kila inapoitwa kazini. Anataka kuichungulia kerneli kutoka nje, kupitia mtandao, ikiwa bado hai. Anaandika amri zake, anaiwasha mashine upya, na kitatuzi kinamjibu kwamba kinasubiri. Kinasubiri nini, na mpaka lini, hakisemi. Mafundi huulaani ujumbe huo kwa lugha zote. Nasema wameukosea adabu, maana hakuna mwalimu mwingine wa mtandao asiyekubali kabisa kudanganywa.

Usawa wake peke yake unatosha kuupatia nishani. Mei 2024 mkazi wa Rasbura, hapo Manispaa ya Lindi, alionjeshwa ukatikaji wa kila aina. Kimbunga Hidaya kilipoipiga pwani mwanzoni mwa mwezi, mafuriko yaliikata barabara ya kwenda Dar es Salaam maeneo ya Somanga, wilayani Kilwa, na magari yakakwama huku na huku. Tarehe 12 ikawa zamu ya bahari: nyaya za intaneti za chini ya bahari za EASSy na Seacom zilikatika kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, intaneti ya nchi ikaanza kutambaa. Barabara ilikuwa na kisingizio, na bahari vilevile. Muunganisho wetu hauhitaji kisingizio. Kitatuzi na mashine pepe vinaweza kuishi ndani ya kompyuta mpakato moja, juu ya meza moja, pakiti isitoke hata nje ya chumba, na bado visionane. Tena vitakosana vivyo hivyo kule Redmond, nyumbani kwa Microsoft, kwa watu waliokitengeneza kitatuzi chenyewe. Ni huduma ngapi zinazofika Lindi zikiwa na kiwango kilekile cha makao makuu?

Mkosoaji atauliza ni mwalimu gani huyu asiyemwonyesha mwanafunzi alipokosea. Hoja ina uzito, lakini tutazame mambo yanavyokwenda. Mashine pepe imepewa anwani ya kompyuta mwenyeji, namba ya mlango, ambayo kwa desturi huwa kati ya 50000 na 50039, na ufunguo mrefu wa vipande vinne vilivyotenganishwa kwa nukta. Mgeni, yaani mashine pepe, ndiye anayebisha hodi, kitatuzi kimekaa kinasikiliza. Hodi yenyewe husafiri kwa UDP, itifaki isiyodai jibu: iliyofika imefika, iliyopotea haina wa kuitolea taarifa. Sasa chukua siku ya kawaida. Asubuhi kompyuta iko kwenye Wi-Fi ya ofisi, na mashine pepe imeungwa moja kwa moja kwenye mtandao huohuo. Mchana Wi-Fi inagoma, fundi anawasha hotspot ya simu. Anwani ya mwenyeji imebadilika papo hapo, lakini mgeni anaendelea kubisha kwenye anwani ya asubuhi. Fundi anagundua, anarekebisha, bado kimya: Windows imeuona mtandao wa simu kuwa mtandao wa umma, na fayawoli imekifungia kitatuzi ambacho asubuhi ilikiruhusu. Anafungua fayawoli, bado kimya: alipobadilisha mipangilio ya mashine pepe alichagua kadi ya mtandao ambayo kerneli haiwezi kuisemesha yenyewe. Hapo ndipo anapojifunza jambo ambalo wengi hulipita juu juu, kwamba kerneli ikisimamishwa, programu za kawaida za mtandao nazo zinakuwa zimesimama, hivyo kitatuzi lazima kiwe na njia yake ya chini chini ya kuitumia kadi. Ujumbe mpole ungemwambia ajaribu tena baadaye, naye angejaribu tena baadaye, akiwa mjinga vilevile.

Kuna wanaodai kwamba ugumu huu ni uzembe wa watengenezaji, na kwamba chombo cha kazi kinapaswa kushika kwa kubonyeza mara moja. Wanasahau mlango unaofunguliwa hapa ni upi. Aliyeingia kwenye kerneli ameshika kumbukumbu yote, diski yote, nywila zote. Ndiyo maana kuna ule ufunguo, na ndiyo maana Secure Boot, ulinzi wa wakati wa kuwasha mashine, huzimwa kwanza kabla Windows haijakubali mipangilio ya namna hii. Anayetaka kuona kerneli inavyolipa uzembe na akumbuke tarehe 19 Julai 2024, pale faili moja la masasisho la kampuni ya usalama ya CrowdStrike, lililosomwa na draiva iliyokaa ndani ya kerneli, lilipoangusha kompyuta za Windows zipatazo milioni 8.5. Faili lile lilifika bila shida yoyote ya muunganisho. Kuondoa madhara yake ndiko kulikohitaji watu kwenda kwa miguu, mashine baada ya mashine.

Hata upande wa Linux msifiwa wetu ana mashahidi. Mwaka 2000 Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, alitamka waziwazi kwamba hapendi vitatuzi vya kerneli, kwa kuwa alitaka watu wafikiri kwa uangalifu badala ya kupapasa. Kitatuzi cha kerneli kiitwacho KGDB kiliingia katika kerneli yake rasmi mwaka 2008 tu, toleo la 2.6.26. Sikubaliani naye moja kwa moja (draiva ya mtu mwingine hutaielewa kwa kufikiri pekee), ila muunganisho usioshika umetusuluhisha sote wawili: unakupa kitatuzi, kisha unakulazimisha ufikiri kwanza.

Kimebaki kipingamizi kizito kuliko vyote: kwa nini usiisubiri mashine ianguke, ukachukua nakala ya kumbukumbu yake na kuisoma kwa raha zako? Lindi inaijua kazi ya namna hiyo. Kati ya 1909 na 1913 Wajerumani walichimba mifupa ya dinosaria Tendaguru, wapagazi wakaibeba kwa miguu hadi bandari ya Lindi, ikapakiwa kwenda Berlin, na jitu moja kubwa kati ya hao likasimamishwa katika jumba la makumbusho huko mwaka 1937. Ni kazi ya kuheshimiwa, na nakala ya kumbukumbu nayo humaliza kesi nyingi. Lakini mifupa hukwambia mnyama alikuwa mkubwa kiasi gani, haikwambii alijikwaa wapi dakika kumi kabla ya kufa. Kwa draiva inayoharibu kumbukumbu saa tatu na kuiangusha mashine saa nne, lazima uwe ndani mapema.

Na siku muunganisho unaposhika, fundi akasimamisha kerneli, mashine pepe yote huganda pamoja na saa yake, mpaka aandike herufi moja, g, na kubonyeza Enter. Kama kuna mwenzake aliyekuwa akiitumia mashine hiyo kutoka chumba cha pili, huo ndio wakati anaopiga simu kulalamika kwamba mtandao umekata.