Titanic Haijawahi Kuzama Kamituga

Mama Furaha ana daftari la duka. Mbele kuna madeni ya watu, nyuma kuna madhambi yangu. Jumapili jioni alilifungua kwa nyuma.

"Baba Furaha, mwezi huu umekwenda sine mara nne. Mia tano mara nne ni franka elfu mbili, karanga sijahesabu. Nitajie filamu moja tu iliyostahili pesa hiyo."

Nikakohoa. Swali lilikuwa la haki, ila lilimfaa mtu aliyewahi kuona filamu ikiisha.

Sine yetu ni chumba cha mbao na bati, mabenchi yasiyo na mgongo, televisheni moja iliyopandishwa juu kama sanamu ya Bikira Maria, na nje jenereta inayokunywa kuliko mchimbaji siku ya mgao. Petroli hutoka Bukavu, kilomita kama 180 za tope, barabara ambayo Fuso hulala njiani kama mgeni mwenye shemeji kila kijiji. Kwa hiyo mwenye sine huipima petroli kama tunavyopima dhahabu hapa Kamituga, tone kwa tone. Tone likiisha, filamu imeisha.

Wiki ya kwanza ilikuwa Enter the Dragon, ya 1973. Bruce Lee alifariki Julai mwaka huohuo, kabla filamu haijatoka. Zamani nilimhurumia. Sasa najihurumia mwenyewe: Bruce kaingia chumba cha vioo, adui kavaa makucha ya chuma, benchi zima limebana pumzi. Giza.

Wiki ya pili, Blood Diamond, ya 2006. Safari hii jenereta ilijitahidi, filamu wakaiharibu watazamaji. Kumwonyesha mchimbaji wa Kamituga filamu ya machimbo ni kama kumhubiria padri. Solomon alipolificha jiwe katikati ya vidole vya mguu, mzee mmoja alisimama akatangaza kwamba maficho hayo yalichakaa tangu enzi za kampuni ya Sominki. Wengine wakataka kujua PDG, yaani mwenye shimo lile, atapata fungu gani, na nani atalipa mafundi. Ubishi wa mgao ukadumu mpaka jenereta nayo ikachoka kusikiliza. Ni nani aliyelipata jiwe, mimi sijui.

Wiki ya tatu, Titanic. James Cameron alipoitengeneza 1997 hakutuuliza. Saa 3 na dakika 14! Jenereta yetu haijawahi kufanya kazi hiyo hata Krismasi. Tena diski yenyewe ilikuwa ya kutafsiriwa, na mtafsiri hakuwa na haraka: alitusimulia hadi mahari ambayo mama yake Rose aliitaka, jambo ambalo kwenye picha sikuliona. Rose na Jack wakanyoosha mikono pale mbele ya meli, giza. Nimeitazama filamu hiyo mara tatu maishani, zote katika chumba kilekile. Wanaosema meli ile ilizama waje kuniambia ilizama saa ngapi. Kwetu inaelea mpaka leo.

Wiki ya nne, Lumumba ya Raoul Peck, ya 2000. Nilikwenda na manung'uniko yangu tayari, maana hata picha ya huyu mtu wetu ilibidi ipigwe Zimbabwe na Msumbiji, kwa kuwa nyumbani kulikuwa na vita. Lakini nikashangaa. Hata hatujakaa vizuri, tunaonyeshwa maiti zikiangamizwa usiku porini, Lumumba na wenzake Mpolo na Okito. Mwisho wa Januari 17, 1961, umewekwa mwanzoni! Jenereta ilipozima, Lumumba alikuwa bado waziri mkuu, na hakuna aliyedai kurudishiwa pesa. Tulitoka kimya, kila mtu akijua hadithi ilipoishia.

"Basi ni hiyo," nilimwambia Mama Furaha. "Lumumba. Ndiyo filamu pekee niliyoona mwisho wake."

Alinitazama kwa muda, akachukua kalamu, akaandika: filamu moja, franka mia tano, imekubaliwa. Kisha akapiga mstari na kuandika chini yake: deni, elfu moja na mia tano.

Mwenye sine, ndugu yangu, kabla ya kujaza mabenchi, jaza tangi. Nadaiwa nyumbani.