Kununua Bahari kwa Mafungu

Mama yangu anaishi Pangani, kwenye nyumba ambayo maji yakijaa usiku anayasikia akiwa kitandani. Siku nilipomwambia kwa simu kwamba nimenunua chumvi ya paundi 60 ili nitengeneze maji ya bahari, alinyamaza mpaka nikadhani mtandao umekatika.

"Baba," akasema hatimaye, "huko Leicester mnakula nini?"

Leicester iko katikati ya Uingereza. Kwenda pwani ni mwendo wa kama saa mbili kwa gari, na ukifika unakuta maji ya rangi ya chai ya maziwa. Nikaona dawa ya kiu yangu ni kuileta bahari sebuleni: tangi la matumbawe, dogo, la mtu wa kipato changu. Nyuma ya bahasha ya bili ya gesi niliandika tangi, taa, pampu, hita, chumvi, mawe. Jumla paundi 250. Nilikuwa kama mpanga shughuli aliyehesabu mchele na nyama akasahau kuni.

Tangi nililipata kwa mtu aliyekuwa anaachana na mambo hayo: sentimita 60 kwa 45 kwa 45, lita 120 hivi, kwa paundi 40 tu. Nilipaswa kumuuliza kwa nini anaachana nayo. Nilichouliza ni kama atanisaidia kulibeba.

Chumvi hesabu yake ni nyepesi, gramu 35 kwa lita. Tatizo ni hayo maji ya kuichanganyia. Maji ya bomba yanawafaa watu, lakini yana nitrati na fosfati, na ukiyatia kwenye tangi unavuna mwani wa kutosha kulisha mbuzi. Kwa hiyo bahasha ikaongezewa mstari: chujio. Chujio lenyewe, kwa kila lita moja safi linayoitoa, linamwaga tatu au nne. Mke wangu hakuweza kuvumilia kuona maji yakipotea hivyo. Akaanza kuyakinga ya kupigia deki na ya kufulia, na nyumba ikajaa ndoo kila pembe kama vile tumesikia bomba halitoki wiki nzima.

Tena linatiririka polepole, kama lita nane kwa saa. Usiku mmoja, saa nne, nililifungulia kwenye ndoo ya lita 25, nikajisemea nitajinyoosha kidogo tu. Saa kumi na moja alfajiri mlango ukagongwa.

Alikuwa bibi wa Kihindi wa ghorofa ya chini. Miaka mitatu tulikuwa tunasalimiana ngazini kwa Kiingereza cha hali ya hewa. Nilikuwa nimesimama kwenye maji. Nikamgeukia mke wangu, nikamnong'oneza kwa Kiswahili, "Mwambie bomba la jengo limepasuka."

"Bomba hapana pasuka," bibi akasema. "Iko ndoo yako nafurika. Mimi naona na macho."

Kumbe ni mzaliwa wa Jinja. Ni mmoja wa wale Wahindi wa Uganda ambao Idi Amin aliwapa siku 90 wafungashe, mwaka 1972. Halmashauri ya Leicester ililipia tangazo kwenye gazeti la Uganda Argus kuwaomba wasije huku. Wakaja. Sasa nilikuwa nimesimama mbele ya mmoja wao na mpira wa maji mkononi, baada ya kumdanganya kwa lugha anayoijua tangu kabla sijazaliwa. Rangi ya dari lake ilinigharimu paundi 120, mstari ambao haukuwahi kuwemo kwenye bahasha. Mke wangu anasema adabu niliyoipata ilistahili zaidi ya hapo.

Tangi likajaa. Nikatia mawe hai, yaani mawe yenye bakteria wa kugeuza amonia kuwa nitriti na nitriti kuwa nitrati. Kazi hiyo inawachukua wiki kadhaa, na kabla hawajaimaliza samaki ukimtia unamzika. Mama akapiga simu ya video.

"Naona mawe."

"Ni mawe hai, mama. Yanauzwa kwa kilo."

Akaigeuza simu upande wa ukuta wa nyumba ya babu, pale lipu ilipobanduka, na matumbawe yakaonekana yamejipanga na chokaa yake. "Na haya," akauliza, "yatakuwa kilo ngapi?"

Mtambo wa kutoa povu, ambao wenyewe huuita skima, niliuahirisha kwa sababu ya bei. Nilikuwa nimesoma habari za Lee Chin Eng wa Indonesia, ambaye mwaka 1961 alieleza katika jarida moja la Marekani jinsi alivyofuga viumbe wa mwambani kwa mawe hai, mwanga na viputo vya hewa tu. Nikasema huyu ndiye wangu. Sikukumbuka kwamba kwenye bajeti yake mzee yule alikuwa na Bahari ya Java.

Hita ya paundi tisa iliganda ikiwa imewaka, nikakuta maji yako nyuzi 31. Nikanunua mbili ndogo zisaidiane. Tuyaache hayo.

Linaloniuma ni la chumvi. Maji yakipungua tangini nilikuwa naongeza maji ya chumvi, kwani bahari inaongezwa nini kingine? Baada ya wiki mbili kipimo kikasoma 39. Maji huenda zake hewani, chumvi hubaki. Cha kuongeza ni maji matamu. Na mimi nimekua nikipita kando ya mashamba ya chumvi kila nikienda shule, nikilitazama jua likifanya kazi hiyo hiyo bila kumficha mtu.

Leo kuna samaki wawili wa rangi ya chungwa wenye mistari myeupe, na kipande cha tumbawe kikubwa kama kifungo cha koti. Bahasha ilifia kwenye paundi 610. Mke wangu anajua 400.

Juzi nilimwonyesha mama. Nikazima taa ya sebule, nikaacha ile ya buluu, tumbawe likang'aa kijani. Akatazama kwa utulivu kabisa, uso umesogea karibu na simu. Moyo wangu ukapanda.

"Hiyo ndoo nyeupe hapo nyuma, ni ya nini?"

"Ilikuwa na chumvi, mama. Ina mfuniko wa kubana."

"Hiyo sasa!" akasema. "Ukija Desemba niletee mbili. Panya wananimalizia unga."