Sababu Tisa za Kununua Tiketi ya Kichekesho Ambacho Bado Hakijatungwa

Taa zinawaka, waigizaji wanapanda jukwaani, na hakuna hata mmoja wao anayejua atasema nini. Wasamehe, hawajasahau, hakuna kilichoandikwa. Hivi ndivyo vichekesho vya papo kwa papo, na nasema wazi kwamba sijaona burudani ya jioni inayovishinda. Tunahesabu kuanzia tisa kushuka hadi moja. Sababu nzito zimekaa chini, kwa hiyo asiondoke mtu mapema.

9. Hakuna wa kukumalizia uhondo

Kila ukoo una ndugu ambaye filamu ameshaiona, na kazi yake ni kukutajia nani anakufa. Huku amepatikana. Onyesho la leo halikuwapo jana, na kesho halitarudiwa. Mpe kiti akae kimya kama sisi wengine, amani irejee ukoo mzima.

8. Mzigo wote ni viti viwili

Second City, ukumbi mashuhuri wa fani hii, ulifunguliwa Chicago tarehe 16 Desemba 1959. Humo wamepita wachekeshaji Tina Fey, Stephen Colbert na Steve Carell. Hata kwa majina hayo makubwa, vifaa vya kazi hii ni viti, basi. Viti viwili vikikaa sambamba, ni gari. Kimoja kikilazwa chini, ni mtumbwi. Mwigizaji anashika hewa kwa vidole viwili, anapuliza, anafyonza kidogo, na wewe unajua kabisa chai ni ya moto. Anakiweka kikombe hicho pembeni, na dakika tano baadaye mwenzake anayepita anakikwepa kwa kiwiko. Filamu nyingine inatumia mamilioni na chumba kizima cha kompyuta kukuaminisha kitu kisichokuwapo. Hapa kazi imefanywa na kiwiko kimoja chenye adabu.

7. Ukoo wake ni mkongwe

Mwaka 1545, mjini Padua, Italia, kikundi cha waigizaji kiliandikishana mkataba wa kufanya kazi pamoja na kugawana mapato. Ndiyo mizizi ya commedia dell'arte, vichekesho vya Kiitalia vya kubuni jukwaani. Nyuma ya pazia kulikuwa na muhtasari tu: nani anaingia, nani anampenda nani, nani anachapwa. Maneno kila mmoja alijitafutia mbele ya watu. Mwaka 1611 Flaminio Scala, mmoja wa waigizaji wa fani hiyo, alichapisha mihtasari 50 ya namna hiyo. Humo yumo Pantalone, mzee bahili, na yumo Arlecchino, mtumishi mwenye njaa na akili nyingi. Ukiwahi kutazama kichekesho chochote cha televisheni zetu, hao wawili umeshakutana nao. Karne zimepita na mzee bado hajalipa mshahara.

6. Kilimshinda mwenye muhuri

Hadi mwaka 1968, mchezo wa kuigiza haukupanda jukwaani Uingereza mpaka maandishi yake yapitishwe na ofisi ya Lord Chamberlain, afisa mkuu wa nyumba ya kifalme. Sasa mpelekee afisa huyo kichekesho ambacho waigizaji wenyewe watakijua saa mbili usiku! Atagonga wapi muhuri wake? Keith Johnstone, aliyekuwa akifundisha uigizaji katika ukumbi wa Royal Court, London, aliona mwanya. Yeye na wanafunzi wake walicheza mbele ya watu na kuliita darasa. Watu wakaja darasani kwa hiari yao, jioni, wakacheka. Nitajie shule nyingine yenye mahudhurio hayo.

5. Unaruhusiwa kumzomea mwamuzi

Johnstone huyohuyo alihamia Calgary, Kanada. Alikuwa ameona jinsi watu wanavyopagawa kwenye mieleka ya kulipwa, akataka ukumbi wa maigizo nao upate kelele ile. Mwaka 1977 akaanzisha Theatresports: timu zinashindana kwa vipande vya kubuni palepale, waamuzi wanainua alama, na mtazamaji ana haki ya kuwazomea. Wakalishe mashabiki wa Simba na Yanga safu moja, hatimaye watapata mwamuzi wa kumzomea kwa sauti moja.

Mashindano ya namna hiyo yalifika hewani pia: kipindi cha Whose Line Is It Anyway? kilianza redio ya BBC mwaka 1988 kabla ya kuhamia televisheni. Katika toleo la Marekani, mwendeshaji wake Drew Carey aligawa alama kwa ukarimu huku akitangaza kwamba hazina maana yoyote. Ukumbi ukazishangilia vilevile. Furaha haihitaji kombe.

4. Kilitoka kwenye michezo ya watoto

Mwalimu wa maigizo Viola Spolin (1906–1994) alijifunza kwa Neva Boyd katika Hull House, kituo kilichowasaidia wahamiaji mjini Chicago. Baadaye akawafundisha watoto wa mitaa hiyo, waliotoka katika nyumba zenye lugha mbalimbali. Hakuwaambia "onyesha huzuni" wala "kuwa mchangamfu." Aliwapa mchezo. Vutaneni kamba isiyokuwapo. Ongeeni lugha isiyokuwapo, na muelewane. Mtoto akizama mchezoni, aibu humtoka, na aibu ndiyo inayomfunga mwigizaji mikono. Kitabu chake cha mazoezi kilitoka mwaka 1963, na mwanawe, Paul Sills, ni mmoja wa waliofungua Second City.

Kwa hiyo ukimkuta mtu mzima mwenye shahada mbili akivuta kamba ya hewa huku jasho likimtoka, usimcheke upande. Muulize kama timu yake inahitaji mtu.

3. Kiswahili kimekizoea

Asije mtu akasema haya ni mambo ya wageni. Lubumbashi, Kongo, kundi la Mufwankolo liliigiza kwa Kiswahili cha huko, hadi kwenye televisheni, bila kushika karatasi. Mwanaanthropolojia Johannes Fabian alikuwa nao mwaka 1986 walipotengeneza mchezo mzima kutokana na usemi mmoja, kwamba madaraka huliwa mazima. Walianza kwa kubishana usemi huo una maana gani. Wakapanga kisa, wakagawana nafasi, wakajaribu, na kila jaribio likazaa maneno mapya. Fabian alitoa kitabu kizima juu ya kazi hiyo mwaka 1990.

Njoo Dar es Salaam ya miaka hiyo ya 1990. Vikundi kama Muungano na Tanzania One Theatre viliingiza kichekesho katika usiku mmoja na ngoma, sarakasi na taarabu. Kisa kilisimuliwa mazoezini, na maneno yakatafutwa na mwigizaji mwenyewe. Uzuri wa kazi ya namna hiyo ni kwamba mteja wa meza ya mbele akirusha neno, analipwa palepale, tena na riba. Mwandishi aliyejifungia chumbani angeliwahi vipi jibu hilo?

2. Neno lako ndilo mbegu

Mwalimu wa fani hii, Del Close, aliuanzisha mtindo uitwao Harold mwaka 1967 akiwa na kikundi cha The Committee, San Francisco, kisha akaukuza Chicago pamoja na Charna Halpern, katika ukumbi wa ImprovOlympic. Mtindo wenyewe ni huu. Waigizaji wanaomba neno moja. Wewe, uliyekaa safu ya tatu, unasema "ndoo." (Tafadhali sema ndoo. "Siasa" wamepewa wiki nzima.)

Kutoka kwenye ndoo vinaota vipande vitatu visivyojuana. Bibi kisimani anayekataa kupanga foleni. Rubani anayeogopa mvua. Wapenzi wanaogombania nani aliacha bomba wazi. Kipande kikifika kileleni, mwenzao mmoja anakatiza mbio mbele ya jukwaa, na hiyo ndiyo ishara kwamba kimefungwa, kingine kianze. Vinarudi mara ya pili, mambo yamezidi kuharibika. Mara ya tatu vinaanza kuingiliana: rubani anatua kwa dharura, na mlango wa ndege unafunguliwa na yule bibi, ndoo mkononi, akimwambia naye apange foleni.

Ukumbi unalipuka. Kila mtu humo alikuwapo bibi alipozaliwa, nusu saa iliyopita, kutokana na neno lako. Hukuletewa mzaha ulioiva mahali pengine, umeuona ukiota.

Je, kuna usiku mambo hudoda? Yapo maonyesho hudoda, na ukumbi mzima hujua. Hatari hiyo ni sehemu ya utamu. Mruka sarakasi angekuwa anatembea sakafuni, nani angelipa kiingilio?

1. Unawaona watu wakipokeana

Mwigizaji anaingia: "Daktari, punda wangu amemeza simu."

Mwenzake ana njia mbili. Akijibu, "Mimi si daktari, na huyo si punda," kipande kimekufa na mazishi ni hapohapo. Akijibu, "Ndiyo, tena nimempigia asubuhi, akapokea kwa heshima kuliko wewe," sasa tuna punda, tuna simu, na tuna daktari anayemjua punda kuliko mwenye punda. Hiyo ndiyo kanuni mama ya kazi hii: pokea ulichopewa, kisha ongeza chako.

Inaonekana nyepesi mpaka uijaribu. Huwezi kupokea usichokisikia, na huwezi kusikia ukiwa unapanga utakavyong'ara. Ndiyo sababu walimu wa fani hii, Close na Halpern wakiwamo, walisisitiza kwamba kazi ya kila mmoja jukwaani ni kumfanya mwenzake aonekane bora. Mwenye kutaka sifa za peke yake hugundulika upesi mno. Utamwona amesimama katikati, amezungukwa na vizaha vyake, hana wa kucheza naye.

Tazama linapotokea lile linaloogopwa. Kijana amekwama. Mdomo uko wazi, neno halitoki, sekunde zinapita. Mwenzake anaruka jukwaani, anamsimamia ubavuni na kutangaza: "Mheshimiwa hatazungumza mpaka wakili wake afike." Basi, ukimya uliokuwa hofu umekuwa cheo. Kijana anajinyoosha, anakunja mikono, anatutazama kwa dharau ya mheshimiwa kamili, na ukumbi unaanguka kwa kicheko. Vichekesho vingi hutuchekesha mtu akidhalilishwa. Hapa tumecheka mtu akiokolewa, na kicheko kimekuwa kikubwa zaidi.

Kwa hilo tu naviweka vichekesho hivi juu ya burudani nyingine zote za jukwaani. Kazi nyingi hutuonyesha mtu mmoja hodari aliyefanya mazoezi mwaka mzima. Hii hutuonyesha watu wanaosikilizana kweli, kwa sababu wasiposikilizana hakuna kitu. Nunua tiketi mbili. Ya pili mpe yule mnayekatizana maneno kila siku, na mkitoka, kila atakalosema, wewe mjibu "ndiyo, tena." Mtafika nyumbani mnacheka.