Sifa za Tisheti ya Kampeni

Washairi wetu wamemsifu ngamia, wakausifu mnazi, wakamsifu hata paka. Tisheti ya kampeni hakuna aliyeikumbuka. Leo naivulia kofia, na kofia yenyewe nilipewa siku hiyohiyo, na mgombea huyohuyo.

Nianze na umbo lake. Kitambaa ni chepesi. Ukikiinua juani unamwona jirani upande wa pili. Saizi ni moja kwa mtoto, kwa bibi na kwa mwanamieleka. Ukiifua mara ya kwanza, jicho moja la mgombea linafifia. Mara ya pili tabasamu linaondoka. Mara ya tatu inabaki alama ya chama peke yake, kama nyayo za mtu aliyepita usiku. Nitajie manifesto nyingine inayofifia hadharani namna hiyo, bila msemaji wa kukanusha.

Makao yake ya heshima niliyakuta Rapsu, wadi ya Kinna, Isiolo Kusini, jirani na Hifadhi ya Taifa ya Meru. Huko Waborana, wafugaji wa jadi, wanalima kwa maji ya mfereji. Pembeni mwa shamba la mahindi palikuwa na vijiti viwili vilivyofungwa msalaba, sufuria kuukuu kwa juu, na tisheti ya njano ikipepea. Mgombea alikuwa anawatabasamia nyani. Nilimuuliza mzee mwenye shamba kama wanamwogopa.

"Msimu wa kwanza waliogopa," akasema. "Sasa wamemzoea, kama sisi."

Lakini hakumshusha. Akaniambia kwamba katika wote aliowahi kuwapigia kura, huyo ndiye pekee anayelala shambani.

Mzee huyo hayuko peke yake. Ziko falsafa za watu wanaoitilia shaka serikali yoyote kubwa, wanaotaka mtu aachiwe mali yake, soko lake na akili yake. Hapa kwetu James Shikwati alianzisha Inter Region Economic Network mwaka 2001 kueneza mawazo ya soko huria, na mwaka 2005 akaliambia gazeti la Kijerumani, Der Spiegel, kwamba misaada kwa Afrika ikome. Kabla yake, mwaka 1957, Mmarekani Anthony Downs alikuwa ameandika kwamba kura moja ina uzito mdogo mno kiasi kwamba mpiga kura hapati faida ya kukesha akichambua sera. Wasomi wanahuzunika wakisoma hayo. Tisheti haihuzuniki. Kura yako huenda isibadilishe matokeo, lakini tisheti imeshabadilisha mgongo wako, na umelipwa kabla ya kazi. Fundi gani mwingine nchini analipwa hivyo?

Na malipo yameongezeka. Tangu Katiba ya 2010 ituletee kaunti, Mkenya anapiga kura sita kwa siku moja: rais, gavana, seneta, mwakilishi wa wanawake, mbunge na mwakilishi wa wadi. Hizo ni tisheti sita, moja kwa kila siku, na Ijumaa tunavaa kanzu. Ugatuzi umekamilika.

Tena tisheti ni mwalimu wa bei. Kijana wa Kinna akitaka jezi ya Arsenal anauza mbuzi, au anabeba vitunguu vya watu msimu mzima. Jezi hiyo anaifua usiku, anaianika kivulini isichujuke, na nduguye akiigusa ni vita. Tisheti ya kampeni, aliyoipata bure, anafutia jembe. Ukitaka kujua wananchi wanapenda nini, usingoje tume ya uchaguzi itangaze. Tazama wanafutia nini jembe. Hata muziki unafuata kanuni hiyo. "Unbwogable" ya GidiGidi MajiMaji watu waliinunua na kuiimba wenyewe kabla wanasiasa wa 2002 hawajaipandisha jukwaani. "Sipangwingwi" nayo ilikuwa ya vijana wa mtaani kabla haijawa ya misafara ya 2022. Ngoma hutungwa na raia, serikali huja kuicheza ikiwa imeshakolea.

Mtasema, basi tisheti inatosha, serikali ya nini? Polepole. Rapsu imewahi kuionja serikali kwa vipimo viwili, na vyote viwili viliunguza ulimi. Wakati wa vita vya shifta, waasi wa kaskazini, kati ya 1963 na 1967, serikali ilijaa hadi mlangoni. Watu wa Isiolo walikusanywa vijijini chini ya ulinzi, mifugo ikatwaliwa au ikapigwa risasi. Waborana wanakiita kipindi hicho Gaaf Daaba, zama za kuzuiwa. Miradi ya umwagiliaji kama huu wa Rapsu ilikuja baadaye ili aliyekuwa na ng'ombe mia ajifunze kushika jembe. Na mwaka 1970 Bunge likapitisha sheria ya kuwakinga maafisa wasishtakiwe kwa yaliyotendeka.

Kisha serikali hiyohiyo ikapungua hadi haionekani. Waraka wa Bunge Na. 10 wa 1965 ulisema fedha za maendeleo zipelekwe kwanza penye ardhi nzuri na mvua. Kaskazini ikaambiwa ingoje. Kwa hiyo anayeisifu serikali ndogo aje Rapsu na mgonjwa wa usiku, tumpime imani yake barabarani. Na anayeisifu serikali kubwa, awasikilize wazee wakihesabu ng'ombe ambao hawapo.

Kati ya vipimo hivyo viwili watu walijitawala. Wazee wa dedha waliamua malisho gani yafunguliwe masika na yapi yawekwe akiba ya kiangazi. Kisimani palikuwa na aba herega, msimamizi wa zamu, na mwenye mifugo elfu hakumpita mwenye mitano. Hakuna aliyewapigia kampeni, na wino wao haukufifia.

Tazama tofauti. Ng'ombe wa jirani akila mahindi yako, jioni hiyohiyo mnakaa chini ya mti na shauri linaisha. Tembo akitoka hifadhini akayala, huyo ni tembo wa serikali. Ukimgusa ni jela. Asipoguswa ni njaa. Sheria ya Wanyamapori ya 2013 inaahidi shilingi milioni 5 kwa anayeuawa na mnyama, lakini kabla ya pesa kuna fomu, na baada ya fomu kuna kamati, na baada ya kamati kuna miaka. Tembo ni ng'ombe wa jirani asiyeweza kuitwa mbele ya wazee. Usiku akija, anayemkabili ni sufuria na tisheti.

Ndiyo maana naisifu. Tisheti haitozi ushuru, haikukusanyi kijijini, haikuombi kitambulisho. Ikikubana unaivua. Laiti kila chenye nembo ya taifa kingevulika hivyo.

Waswahili husema kinyago ulichokichonga mwenyewe hakikutishi. Mzee wa Rapsu anakijua chake: alikata vijiti mwenyewe, akavifunga mwenyewe, na mvua zikiisha atavifungua mwenyewe. Sisi wengine tunachonga kila baada ya miaka mitano, kisha tunapiga magoti.

Uchaguzi ujao ni tarehe 10 Agosti 2027. Magari ya vipaza sauti yatafika hadi Rapsu. Kwa siku hizo barabara huwa haina mashimo. Tisheti ipokee, ndugu msomaji, hata sita. Ivae ukilima. Ila siku ya kura, kabla hujachovya kidole kwenye wino, pitia kwanza shambani ukawaulize nyani wamemwonaje.