Goli Limeingia, Simu Bado Ipo Kwenye Kona

Ndani ya banda umiza moja la kata ya Sogea, Tunduma, siku ya dabi. Mabati juu, mabati ubavuni, na runinga iliyowekwa nyuma ya wavu wa nondo asije mtu akairushia chupa. Nje kuna ubao wa chaki: SIMBA v YANGA, SAA 11 TZ, SAA 10 ZM, BUKU AU KWACHA 10. Watu hawajaanza kuingia. Simu janja ya utingo mmoja imechomekwa kwenye ekstensheni, inachaji kwa shilingi 300. Benchi la mbele limetulia. Dishi liko juu ya paa, na Kunguru amekaa ukingoni mwake.

SIMU: Shikamooni, wazee.

BENCHI: Marahaba. Umekuja kuangalia mpira?

SIMU: Mimi? Nimekuja kuchaji tu. Mpira ninao mwenyewe humu kifuani. Ligi Kuu ninayo, Uingereza ninayo, Hispania ninayo. Bosi wangu anaangalia akiwa kitandani, akiwa kwenye foleni ya malori, akiwa chooni.

BENCHI: Chooni.

SIMU: Popote, mzee. Muda wowote.

DISHI: (kutoka juu) Nani huyo anajitangaza huko chini?

SIMU: Shikamoo, mzee Dishi.

DISHI: Marahaba, mwanangu. Una asilimia ngapi?

SIMU: Kumi na moja.

DISHI: Basi ongea kwa kupumzika.

KUNGURU: Mwache aongee. Leo sina pa kwenda, Nakonde ng'ambo ya mpaka nimetoka asubuhi, pilau ya harusi imeisha.

DISHI: Na wewe toka hapo, unanitikisa. Fundi alihangaika nusu siku kunielekeza. Setilaiti yangu iko nyuzi 7 Mashariki, juu ya Ghuba ya Guinea huko, kwa hiyo mimi nikiwa hapa lazima nielekee magharibi. Shingo imefungwa Sogea, uso unatazama Zambia. Miaka yote nachungulia juu ya mapaa ya watu wa Nakonde na sijawahi kuulizwa pasipoti.

KUNGURU: Na lile la jirani mbona limelala chali?

DISHI: Lile ni la DStv. Lake liko nyuzi 36, karibu utosini mwetu. Linaangalia juu mchana kutwa, wapita njia wanadhani lina ibada.

SIMU: Wazee, kwa heshima zote, zama zenu zimepita. Dunia imehamia mtandaoni. Marekani kule, mchezo wao wa besiboli...

BENCHI: Ule wa rungu?

KUNGURU: Naujua! Binamu zangu wa Dar wameuona pale Azania Sekondari, Wajapani waliwasaidia vijana. Japo wale si binamu hasa, wale wana shingo ya kijivu, asili yao India. Mimi mwenyeji, nina shati jeupe kifuani.

SIMU: Huohuo. Wenzetu walirusha mechi ya kwanza mubashara kwenye intaneti Agosti 26, 2002, Yankees na Rangers. Mwaka 2002! Hapa Tunduma mlikuwa mnafanya nini?

BENCHI: Tulikuwa tunasikiliza redio, na goli lilikuwa likifika siku hiyohiyo.

DISHI: Uliza kitu kingine. Mubashara kutoka angani Songwe imeanza zamani. Kimondo cha Mbozi kimetua pale Ndolezi, chuma kitupu, tani zaidi ya 10, na hakuna aliyelipia kifurushi.

SIMU: Mzee, mvua ya Januari ikinyesha wewe unazima.

DISHI: Naelemewa. Kuzima ni kazi ya Luku.

BENCHI: Mimi nina swali dogo kwa kijana. Juni 25, 2025, dabi ile iliyopangwa Machi, ikasogezwa, ikasogezwa tena mpaka watu wakaacha kuuliza tarehe. Pacome wa Yanga anaiendea penalti. Humu ndani anapiga, inaingia, upande mmoja unaruka, upande wa pili unakaa kwa hasira, na msumari wangu wa kushoto unachomoka. Nje alisimama kijana mmoja na simu, kakataa kulipa buku. Tulipomaliza kushangilia, tukakaa, tukanywa maji, ndipo tukamsikia peke yake: "Gooo!" Tukadhani ni la pili.

(Mwandishi ameshakalia benchi hilo na anathibitisha habari ya msumari.)

SIMU: Hiyo ni teknolojia, mzee, haina haraka ya kijinga. Picha inakatwa vipande vya sekunde chache chache. Kila kipande kinawekwa kwenye seva. Mimi nakivuta, naweka akiba ya viwili vitatu, ndipo namwonyesha bosi. Nisipoweka akiba, mtandao ukiyumba kidogo tu nakwama, na kale kaduara kanazunguka.

DISHI: Goli langu linapanda kilomita 36,000, linashuka kilomita 36,000, na linafika hata robo dakika haijakaribia. Lako linatoka wapi?

SIMU: Linatoka... mnara wa hapo juu.

DISHI: Hapo juu wapi?

SIMU: Hapo nyuma ya soko.

KUNGURU: (anacheka mpaka anakaribia kudondoka) Na mkeka je? Bosi wako si mtu wa mikeka? Waambie wazee.

SIMU: Hilo ni jambo la ndani ya familia.

KUNGURU: Anabeti mechi ikiendelea. Anaona kwenye kioo timu yake inashambulia, anaweka buku tatu, "goli linalofuata ni letu". Goli linalofuata limeshafungwa zamani, na aliyefunga ni mwingine. Kampuni nayo inalijua. Inamjibu: dau limekataliwa. Anatukana mtandao.

BENCHI: Angekuja kukaa hapa angejua.

SIMU: Akae hapa? Mzee Benchi, na mimi nina swali dogo. Bosi wangu ana dada yake, anauza vitenge kule njia panda ya Sumbawanga. Yanga damu, kikosi chote anakitaja, mpaka wa akiba. Humu ndani ameingia mara ngapi?

BENCHI: Hajakatazwa.

SIMU: Mara ngapi?

BENCHI: Yaani siku za fainali watu wanabanana kidogo...

SIMU: Watu themanini, mlango mmoja, matusi ya nguoni dakika tisini, na mtu akipita nyuma yake anajifanya hakuona anapoweka mkono. Kwangu anaangalia dukani kwake, earphone sikio moja, anamkatia mteja kitenge na sikio la pili.

(Kimya. Hata Dishi hakuwa na la kusema, na Dishi huwa nalo.)

DISHI: Hapo umetupata, mwanangu.

BENCHI: Ndiyo, umetupata. Lakini bando analipa nani?

SIMU: Yeye.

BENCHI: Mechi moja inakula ngapi?

SIMU: GB moja, au na zaidi kidogo ukitaka kuona namba za mgongoni.

BENCHI: Na kifurushi cha programu yenyewe?

SIMU: Yeye.

BENCHI: Humu themanini wanagawana kimoja.

DISHI: Benchi, hapo usijisifu sana. Mwaka 2021 Azam Media walisaini na TFF mkataba wa miaka 10, shilingi bilioni 225.6. Zile fedha zinatoka kwenye mapaa, dishi moja moja. Tajiri wako kanunua kifurushi cha nyumbani, cha baba, mama na watoto.

BENCHI: Na hawa ni watoto wake themanini. Mkoa una ukarimu.

SIMU: Ndiyo maana wenye haki wananipenda mimi. Kwangu kila mtu ana namba yake, malipo yake, hesabu yake. Mimi sina watoto themanini.

KUNGURU: Kama unapendwa hivyo, waambie na ya Jumamosi. Ya kule kwenye kituo cha pamoja cha mpakani.

SIMU: Kunguru, una tabia mbaya.

KUNGURU: Nilikuwa juu ya turubai la lori, nimeona kwa macho yangu. Foleni ilikuwa imefika Mpemba. Wamekaa siku mbili, bosi wake yuko kwenye kabini na mechi yake. Dakika ya 40, moja kwa moja, mpira mtamu. Malori yakasogea. Mita 50! Huyu akaona mnara wa Nakonde una nguvu kuliko wa kwetu, akahamia kwake.

SIMU: Ni mipangilio ya kiwandani.

KUNGURU: Kioo kikaandika kuwa maudhui haya hayapatikani katika nchi uliyopo. Nchi ipi? Matairi yote ya lori yako Tanzania. Uhamiaji hawajagonga muhuri. Utingo bado ana chipsi za Tunduma mdomoni!

DISHI: Lo.

KUNGURU: Sijamaliza. Zambia wako nyuma yetu saa moja. Akarudisha saa. Bosi akafungua upya ratiba, akaambiwa mechi bado haijaanza.

DISHI: Dakika ya 40.

KUNGURU: Dakika ya 40.

BENCHI: Mpaka wenyewe huu nani aliuweka?

DISHI: Wajerumani na Waingereza, 1890, wakiwa wamekaa huko kwao. Wanyamwanga wakajikuta wako pande zote mbili, shangazi huku, mjomba kule. Mbuzi hawaujui mpaka huo. Mawimbi yangu hayaujui. Miaka yote hii aliyekuja kuukariri vizuri, mita kwa mita, ni simu.

SIMU: Si mimi! Ni haki za matangazo. Zinauzwa nchi kwa nchi. Kila nchi ina mwenye duka lake, na mimi natii. Na afadhali mimi nakufungia ukivuka. Kule Marekani wanakufungia ukiwa nyumbani.

BENCHI: Kivipi?

SIMU: Mtu analipia huduma ya besiboli mwaka mzima aangalie timu zote, isipokuwa timu ya kwao, maana ya kwao imeuzwa kwa televisheni ya eneo lake. Kuna jimbo linaitwa Iowa. Halina hata timu moja ya ligi kuu. Mashabiki wa huko walifungiwa timu sita za majimbo jirani, kila moja ikidai Iowa ni eneo lake. Halafu 2022 baadhi ya mechi za Ijumaa zikahamia Apple, mwanzoni bure, baadaye kwa malipo mengine.

BENCHI: Halina timu, na haliruhusiwi kuangalia za jirani.

DISHI: Sisi tukitaka Ligi Kuu ya macho tunakwenda Sokoine, Mbeya, kilomita 100 na ushee. Angalau hakuna mtu aliyesema Songwe ni eneo lake.

KUNGURU: Nakonde nao wanaangalia Ligi Kuu yetu, mnajua? Ni kwa sababu ya Chama, Mzambia mwenzao. Mwaka 2024 alipotoka Simba kwenda Yanga, kule ng'ambo kulikuwa na mabinti walioachwa na jezi nyekundu zisizo na kazi. Wanavuka kwa miguu, wanalipa kwacha 10, wanakaa kwako, Benchi.

BENCHI: Wanakaa vizuri. Hawachomoi misumari.

(Saa 10 na nusu. Watu wanaanza kuingia. Utingo anachomoa simu yake ikiwa asilimia 38, anatazama ubao, anatazama buku yake, anatoka nje na kusimama chini ya mwembe. Mpira unaanza. Dakika ya 35 Simba wanapata kona. Mpira unawekwa kibenderani, mkono wa mpigaji unapanda, na Luku inakata.)

BENCHI: Nilijua! Nilijua tajiri hajanunua!

DISHI: Mimi nashusha kila kitu, lakini chini hakuna wa kupokea.

(Kutoka banda la mtaa wa pili: "Gooooo!")

BENCHI: Nani? Nani kafunga?

KUNGURU: Banda lile lina mchanganyiko, haijulikani. Inaweza kuwa kona, inaweza kuwa wamenyang'anywa wakakimbiziwa kaunta. Ee, wote wanatoka! Wanamkimbilia utingo!

DISHI: Huyo si yuko nyuma sekunde arobaini?

KUNGURU: Ndiyo hapo sasa! Kwake kona bado haijapigwa! Watu themanini, kioo kimoja cha kiganja. Wa mbele wamepiga magoti. Mpigaji anaweka mpira kibenderani... Subiri. Utingo kaificha mfukoni.

BENCHI: Kwa nini?

KUNGURU: Anasema buku.

BENCHI: Mwizi!

KUNGURU: Au kwacha 10. Wanalipa, wanamtupia noti. Anaitoa. Wanasukumana, wanamzungusha, wanamsogeza huku na huku, sasa yuko upande wa pili wa mwembe. Mkono wa mpigaji unapanda...

DISHI: Eeh?

KUNGURU: ...

BENCHI: Nani kafunga, wewe ndege!

KUNGURU: Imeshika mnara wa Nakonde. Inasema mechi itaanza baada ya dakika 25.