Ndoo ya Kunde na Upepo wa Mwanaidi

Ugomvi ulianzia kwenye ndoo. Ndoo ya bluu, ya lita 15, niliyoipangia kazi moja tu tangu tuhamie Portsmouth: kulowekea kunde na choroko. Ijumaa moja ya mwezi wa Oktoba niliikuta uani imejaa maji na mabonge ya barafu kutoka kwenye friza langu. Ndani yake kipampu kidogo kilikuwa kikivuma, na mipira miwili ilitoka humo kuelekea kwenye chuma chenye ukubwa wa cherehani. Baba Mwanaidi alikuwa amechuchumaa pembeni, uso umemkunjuka kama siku aliyozaliwa mtoto wetu.

"Mama Mwanaidi, usiseme kitu kwanza," aliniambia. "Hebu sikiliza inavyonguruma."

Nilisikiliza. Jirani naye alisikiliza, maana nyumba zetu hizi za mstari mmoja zimepakana ubavu kwa ubavu, na dirisha lake lilifunguka papo hapo.

Chuma kile ni kompresa ya presha kubwa, na kililetwa kwa ajili ya binti yetu. Mwanaidi ana miaka 15, na anapiga shabaha kwa bunduki ya upepo katika klabu iliyoko mashambani nje ya mji. Huwekwa vinyago vya bati vyenye umbo la wanyama, vingine umbali wa hatua chache, vingine mpaka mita 50, na kila kimoja kina tundu, lililo kubwa kuliko yote likiwa na upana wa milimita 40. Kirisasi cha milimita 4.5 kikipita kwenye tundu, bati huanguka. Kikigonga ukingo, bati hubaki limesimama. Mwanangu hukaa kwenye majani yenye umande, akashusha pumzi, na mimi nyuma ya kamba huishusha pamoja naye.

Bunduki hiyo haina baruti wala springi. Ina mtungi wa chuma chini ya mtutu, na humo hewa hushindiliwa hadi baa 200, yaani kama mara 200 ya mgandamizo wa hewa iliyotuzunguka. Kila akifyatua, chembe ya hewa hiyo hutoka na kusukuma kirisasi. Ikipungua, sharti ijazwe. Mwaka wa kwanza alijaza kwa pampu ya mkono, akisukuma zaidi ya mara mia kila Jumamosi, mpaka viganja vikafanya malengelenge. Nilijaribu kumpoza kwa hadithi ya Bartholomäus Girandoni, aliyelitengenezea jeshi la Austria bunduki ya upepo mwishoni mwa karne ya 18. Mtungi mmoja wa bunduki ile ulitaka kusukumwa kama mara 1,500 ndipo ujae, na bado moja ya aina hiyo ilibebwa na msafara wa Lewis na Clark kuvuka Marekani kati ya 1803 na 1806. Mwanaidi akanionyesha viganja vyake, nami nikanyamaza.

Baadaye tukanunua mtungi wa akiba wa lita 3, tukawa tunaujaza kwenye duka la wapiga mbizi karibu na bandari. Duka likafungwa. Ndipo Baba Mwanaidi alipoleta kompresa, na ndoo yangu akaichukua iwe ya kuipoza.

Wiki ile ile alifika mama mkwe wangu kutoka Unguja, kuja kukaa nasi mpaka msimu wa baridi uishe. Sote humwita Bi Mkubwa. Swali lake la kwanza lilikuwa la haki: bunduki ndani ya nyumba, polisi wanajua? Nikamweleza kuwa hapa England bunduki ya upepo yenye nguvu isiyozidi futi-pauni 12 haihitaji leseni, ingawa Scotland wanataka cheti tangu mwisho wa 2016. Nikampeleka kwenye kabati lenye kufuli, nikamwonyesha ufunguo unaokaa shingoni mwangu. Akaridhika na ufunguo kuliko na sheria.

Na nikizungumzia kompresa, lazima nimtaje baba yangu. Alikuwa na gereji Tanga, na kwenye gereji ile kulikuwa na kompresa ya kujazia matairi, kubwa kwa umbo lakini ya presha ndogo sana ukiilinganisha na hii yetu. Kila magharibi, kabla hajafunga mlango, baba alikuwa akiinama chini ya tangi na kulegeza nati moja. Maji ya rangi ya chai yalitoka yakifoka. Nilikuwa mdogo, nikimuuliza nani ametia maji mle ndani. "Hakuna aliyetia," alikuwa akinijibu. "Yalikuwa hewani."

Yalikuwa hewani. Siku ya joto la nyuzi 20, mita moja ya ujazo ya hewa huweza kubeba kama gramu 17 za maji, na huyaoni. Mtungi wetu wa lita 3, ukijazwa kutoka mtupu mpaka baa 300, humeza lita 900 za hewa. Ikiwa siku ni ya unyevu, na Portsmouth ni mji uliozungukwa na bahari, hayo ni kama kijiko kizima cha kulia cha maji kwa kila mtungi. Hewa ikibanwa na kupoa haiwezi tena kuyabeba, huyaangusha. Kwa hiyo kompresa ina vibomba vya kumwagia, na kila baada ya dakika tano hadi kumi mtu hufungua kimoja, maji na ukungu wa oili vikatoka kwa mlio wa nyoka aliyekasirika, kisha akafunga. Asipofanya hivyo, maji hulowesha kichujio, yakakipita, yakaingia kwenye mtungi, na kutoka mtungini yakaingia kwenye bunduki.

Baba Mwanaidi alilijua hilo kwa kulisoma. Lakini mume wangu ni mtu wa feri, wiki baharini, wiki nyumbani, na wiki ya nyumbani kila jambo hulifanya na kikombe cha chai mkononi. Alikuwa akiwasha mashine, akaingia jikoni, akazungumza na mama yake. Dakika ishirini zikapita. Mtungi ukajaa, akafurahi, akazima.

Uzembe huo tuliulipia mwezi wa Februari. Mwanaidi alianza mashindano vizuri, mabati kumi na moja mfululizo yakaanguka. Kisha virisasi vikaanza kushuka, kidogo, kisha zaidi. Alirekebisha darubini, akarekebisha tena, nikamwona mdomo unamtetemeka. Fundi wa klabu alitoa hewa yote, akafungua mtungi wa bunduki, akauinamisha. Matone ya rangi ya kutu yakadondoka kwenye kitambaa cheupe. Nilipoyaona nilinusa gereji ya Tanga, na nilikasirika hadi mikono ikaniganda. Mtoto alikuwa ameamka saa kumi na moja alfajiri, akafanya kila alichofundishwa, na tulichompa sisi wazee wake ni upepo wenye maji.

Ndani ya gari hakuna aliyesema neno. Usiku nikamwambia mume wangu: "Kuanzia leo, asiyeweza kukaa na mashine hii asiiwashe."

Akarudi baharini, nikaichukua mimi. Nikaihamishia kwenye banda la uani, nikatandika mpira wa gari chini yake ili jirani apumzike. Oili niliimwaga, ikatoka ya kijivu. Nikatia ya kompresa, kwa sababu ya injini ya gari haifai pale. Nikabadili chembe za kukausha kwenye kichujio, ambazo zikishiba maji hugeuka kutoka samawati kuwa waridi. Na nikajinunulia ndoo nyingine ya kunde.

Msaidizi wangu akawa shemeji, mdogo wake Baba Mwanaidi, kijana mwenye nguvu na haraka. Siku moja nilimkuta anapaka vimpira vya kuzibia, hizo oringi, grisi ya baiskeli. Nikamshika mkono. Injini ya dizeli haina plagi ya cheche. Mafuta yake huwaka kwa sababu tu hewa imebanwa ikapata moto. Sasa chukua hewa ya baa 300, oksijeni imesongamana humo, uiachie ghafla juu ya grisi ya baiskeli, ambayo nayo ni mafuta. Baba angemfukuza gerejini kwa jambo hilo. Nikampa kichupa cha grisi ya silikoni, akaniomba radhi, tukaendelea.

Kisa cha pili kilitokea siku ya Jumapili, nami nilikuwa nimesimama pale pale. Shemeji alifunga mpira wa kompresa kwenye mtungi, nikawasha. Geji ikapanda upesi mno. Kwa kawaida mshale wake hutambaa, kwa kuwa mtungi ni mkubwa na hewa inaingia kidogo kidogo; safari hii uliruka, mia, mia mbili, mia tatu, na akili yangu ilipofika kwenye koki ya mtungi, ambayo hakuna aliyeifungua, tayari palikuwa na mlipuko.

Ulikuwa kama risasi ya kweli. Moshi mweupe, ukimya, mbwa wa mtaa mzima wakibweka. Tulijishika miili, tukajikuta wazima. Kilichopasuka ni kisahani cha shaba, chembamba, kidogo kuliko ukucha, kilichowekwa makusudi kiwe dhaifu kuliko kitu kingine chochote kwenye mashine. Presha ikizidi, hupasuka chenyewe kabla mpira haujapasuka. Nilikiokota nikakiweka kiganjani, nikasema alhamdulillahi kwa sauti.

Bi Mkubwa alitokea mlangoni, tasbihi mkononi, kanga imemtoka kichwani. Hakupiga kelele. Aliuliza nini kimetokea, nikamweleza kila kitu: koki, maji, dakika, oili. Alisikiliza mpaka mwisho, akamgeukia mwanawe mdogo.

"Mtu hupalia biriani akenda zake?"

"La, mama."

"Basi."

Akaagiza kiti. Kuanzia Jumapili ile, kila tukijaza, Bi Mkubwa alikaa mlangoni mwa banda, umbali niliomchagulia, amejifunga sweta mbili, saa ya ukutani ya jikoni mapajani. Kabla hatujawasha husema, "Koki?" na mmoja wetu sharti aiguse na kujibu, "Imefunguliwa." Dakika ya saba husema, "Maji," nami hufungua vibomba. Mara ya tatu tunazima, mashine ipoe, tunakunywa chai. Geji ikifika 300 tunajua kuwa mtungi ukishapoa itarudi karibu 280, na hatuuchokozi tena. Mwezi wa Machi fundi alifungua tena mtungi wa bunduki. Kitambaa kilibaki cheupe.

Baba Mwanaidi aliporudi alilikuta baraza hilo, akakaa chini bila chai. Baadaye alikuja jikoni, akaosha ndoo ile ya bluu kwa sabuni, akairudisha chini ya sinki. Ya mashine alinunua nyekundu.

Bi Mkubwa aliondoka mwishoni mwa Aprili. Jumamosi iliyofuata, nilipokuwa bandani na Mwanaidi akishika saa, simu ililia kutoka Unguja. Hakuuliza hali ya hewa wala habari ya mjukuu.

"Mmefungua koki?"

"Imefunguliwa, Bi Mkubwa."

"Na maji?"

Nilisogeza simu karibu na kibomba, nikakifungua, ukafoka ule mlio mrefu wa nyoka, na upande wa pili nikamsikia akiusikiliza mpaka ulipokatika.